Kitabu cha Kilatini Ndani ya Begi Langu

Jamani, chekeni tu, mimi nimeshajicheka. Mimi ni dereva Mkenya hapa Riyadh, na zamani nilisoma seminari hadi mapadri wakanichoka.

Wiki jana bosi alinituma Jeddah, kwa muuza vitu vya kale wa mtaa wa Balad, nimchukulie kifurushi. Kiherehere kikaniponza, nikakifungua njiani. Kumbe ni kitabu kikuukuu cha Kilatini kinachomhusu Mungu, na msalaba umechorwa ukurasa wa kwanza! Jasho likanitiririka. Polisi wa huku, wasiotaka kuona msalaba, wakinikamata nacho, nani ataamini si changu? Nikakiviringisha ndani ya chupi zangu chafu, nikakididimiza begini.

Nilipofika Riyadh, begi mkononi, bosi alikuwa sebuleni kwake na wageni watatu, wazee wenye miwani.

"Kitabu kiko wapi?"

"Mafi kitabu, hakuna, baba. Duka lilifungwa."

Akanionyesha simu yake. Muuzaji alikuwa amenipiga picha nikikipokea.

Nikakiri. "Baba, niliogopa mtajua mimi ni Mkristo."

"Si imeandikwa kwenye ikama yako, kibali chako cha kuishi hapa? Niliishughulikia mwenyewe! Hawa ni maprofesa wa dini za kale, wamekingoja kitabu hicho mwezi mzima. Yalla, fungua begi."

Maprofesa wakavaa glavu nyeupe, wakasogea karibu.