Mdomo wa Sanamu

Ukuta wa shule ya misheni uliwaangukia wanawake watatu waliokuwa wakibebeshwa matofali ya kuujengea. Mmoja wao alikuwa mama mdogo. Mzungu wa shule akamwamuru mama, mfinyanzi wa kijiji chetu cha Lyulilo kando ya ziwa, afinyange sanamu ya mwanamke ya kuwakumbuka, isimame mlangoni. Aliitaka iwe imefumba mdomo, kwa adabu. Adabu! Mama akamjibu kwamba udongo usio na tundu hupasuka motoni, akauacha mdomo wazi.

Basi upepo wa ziwani ulipovuma, sanamu ililia. Wanafunzi tulipita mbio, na mimi niliyejua kuwa lile ni tundu tu niliwashinda wote kwa mbio, maana mama alikuwa ameitia sanamu mwanya wa meno wa mama mdogo.

Mzungu alichoshwa na sauti ile. Siku moja alinipa bonge la udongo, akasimama nyuma yangu na fimbo. Niliingiza vidole mdomoni mwa sanamu. Ndani ya mdomo mlikuwa na joto la jua, kama pumzi. Nikaziba.

Nyumbani mama aliona udongo kwenye kucha zangu.

“Umemziba mdogo wangu?” akauliza.