Ndege ya Ustadhi Muzammil

Ustadhi Muzammil hakuwa mlaji wa kuku wa kukaanga. Miaka yote aliyoishi Ngara, Nairobi, akifundisha watoto Kurani asubuhi katika madrasa ya ghorofani na alasiri katika majumba ya Muthangari, alikula alichopika mkewe Nadira, na hakutamani kingine. Kisha mwezi wa Shaabani ulipoandama, mkahawa wa Kuku Sheba, ulioko katikati ya mji, ukatundika bango kubwa juu ya mlango wake. Kila pakiti ya kuku na chipsi ingekuwa na kibandiko chenye kipande cha picha ya ndege. Vipande vilikuwa sita: pua, mabawa, madirisha, magurudumu, mkia na mlango. Atakayeikamilisha ndege kabla ya Ramadhani angepelekwa Umra, yeye na mtu mmoja ampendaye.

Muzammil alisimama chini ya bango lile hadi mlinzi akamuuliza kama amepotea. Hakuwa amepotea. Alikuwa akimfikiria mama yake, Bi Mwanasiti, aliyebaki Lamu. Kila alipomaliza kusali, mama yule aliomba jambo moja tu: aione Makka kabla magoti yake hayajamkatalia kabisa. Muzammil alikuwa mwanawe wa pekee, na mshahara wa madrasa haukumpeleka mtu yeyote Makka.

Akanunua pakiti moja, akapata mkia. Siku ya pili akapata pua. Kabla ya juma kwisha alikuwa na mabawa, madirisha na magurudumu, na hakukumbuka jambo jingine lolote Nairobi lililowahi kumjia kwa wepesi namna ile. Jioni alipopata cha tano, alimpigia mama yake simu.

"Mama, ile safari ya Umra imekaribia. Kimebaki kipande kimoja tu."

"Kipande cha nini, mwanangu?"

"Cha kukamilisha, mama. Vingine vyote ninavyo."

Akamsikia mama akilia taratibu, kilio cha mtu asiyetaka kusikika. "Mungu akupe kheri, babaangu," akasema Bi Mwanasiti. "Kimoja si kitu."

Muzammil alilala na maneno hayo kama mtu aliyefunikwa shuka safi. Kimoja si kitu.

Chini ya madrasa palikuwa na duka la manukato na vitabu vya dini la Idarus, rafiki yake tangu utotoni huko Lamu. Idarus alikuwa mtu wa mzaha, lakini mzaha wake ulikuwa na mwiba. Siku moja alimwona Muzammil akipita na mfuko mwekundu wa Kuku Sheba, akamzuia.

"Ustadhi, mwenye duka la manukato ni mimi, lakini siku hizi anayenukia ni wewe."

"Njaa haina adabu, Idarus."

"Njaa, au ndege? Bwana, nikuulize kama mwanafunzi. Mtu akinunua kuku kwa kuwa ana njaa, akakuta zawadi ndani, hiyo ni riziki yake. Sasa akinunua kwa ajili ya karatasi, na kuku mwenyewe hamtaki, hiyo tuiiteje? Si kamari hiyo?"

"Kuku namtaka," akajibu Muzammil upesi.

"Basi kula tuone."

Na Muzammil akala, palepale mbele ya chupa za udi na miski, ingawa alikuwa ametoka kulishwa biriani na mama wa wanafunzi wake Muthangari. Idarus alimtazama akimeza, akacheka hadi akafuta machozi. "Hata ukiipata hiyo ndege bila mlango, mama utampitisha dirishani?"

Tangu siku hiyo Muzammil alijiwekea sharti: hangekibandua kibandiko kabla ya kumaliza chakula chote. Kwa njia hiyo, alijiambia, chakula ndicho kinachotangulia, na zawadi inafuata nyuma. Aliliona sharti lile kuwa ngao. Kumbe lilikuwa kamba. Sasa ilimbidi ale akiwa ameshiba, ale akiwa anaumwa na kiungulia, ale chipsi zilizopoa na kuwa ngumu kama vijiti, kwa sababu bila kula angekuwa mcheza kamari, na kwa kula alibaki mtu mwenye njaa tu. Nyumbani Nadira alipakua wali wa nazi, akautazama ukipoa.

"Mume wangu, kama sufuria zangu zimekukosea, niambie niziombee msamaha."

"Hazijakosa, Nadira. Nimekula mjini."

"Umekula mjini jana, na juzi. Hii nazi namkunia nani? Paka?"

Ingekuwa rahisi kwa Muzammil kuacha, angeweza kuacha hata kesho yake, lau si simu iliyotoka Lamu.

Kwao, mtu anayekwenda Makka haondoki na kinyongo cha mja mwenzake. Hupita nyumba kwa nyumba akiomba radhi, na wale anaowaaga humpa dua zao awapelekee. Bi Mwanasiti hakukingoja hicho kipande. Alikuwa amekwisha kuanza. Alikuwa ameingia nyumba za mtaa mzima, na mwisho akabisha kwa Bi Esha, binamu yake, waliyegombana naye kwa ajili ya ukuta na kwa miaka mingi wakawa wanapishana kichochoroni bila salamu.

"Alifungua, akanitazama juu na chini," Bi Mwanasiti akasimulia, sauti imejaa furaha. "Akaniambia, 'Hivi mpaka Makka ndiyo ikulete kwangu?' Tukakumbatiana, tukalia, uji wake ukaungua jikoni. Amenipa dua ya bintiye, hajajaliwa mtoto. Ninazo dua za mtaa mzima hapa kifuani, Muzammil. Miwani yangu nasahau nilipoiweka, lakini dua ya mtu siisahau."

"Mama, ungengoja kidogo."

"Kungoja nini, babaangu? Si ulisema ni kimoja tu?"

Neno la kweli lilimfika mdomoni. Angeweza kulitoa, na maumivu yangekuwa ya siku moja. Lakini alimwona Bi Esha akiufungua ule mlango baada ya miaka yote ile, akamwona mama yake akirudi tena kuubisha na kusema kwamba hakuna safari.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni kimoja."

Kesho yake alikwenda Kuku Sheba na mpango mpya. Vipande vya kurudiarudia vilikuwa vimemjaa mfukoni. Kwa nini asibadilishane na watu? Foleni ilikuwa ndefu, wakati wa chakula cha mchana. Akajikohoza na kutumia sauti ile ile ya darasani.

"Jamani, samahanini. Nina mikia ya ziada, nina na mabawa. Aliye na mlango anipe, nami nitampa vyote."

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Buda, mlango?" akauliza kijana mmoja wa bodaboda, kofia yake kwapani. "Hata mimi natafuta mlango!"

"Mimi nimebakisha mlango tu," akasema mwanamke aliyevaa suti ya ofisi.

"Mimi pia, imebaki moja tu!"

"Moja tu! Sisi wote ni moja tu!" Watu wakaanza kuinua vipande vyao juu, wakicheka, pua kwa pua na mkia kwa mkia. Munyiva, mama aliyekuwa akipokea pesa kaunta, akaongeza lake: "Ustadhi, hata kwangu kuna ndege haina mlango. Watoto wanairusha tu hivyo."

Muzammil hakucheka. Aliutazama ule msitu wa karatasi, na jambo likamdhihirikia polepole, kama mtu anayesoma herufi ndogo kwa mbali. Aliyeanza jana na aliyeanza mwanzoni mwa mwezi walikuwa wamesimama mahali pamoja. Vile vipande vitano havikuwa hatua tano za safari. Vilikuwa punje walizotupiwa wote ili waendelee kuja. Safari yote ilikuwa ndani ya kile kimoja. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba kimebaki kimoja tu, wakati ukweli ni kwamba vilikuwa vimebaki vyote.

Ilimpasa kugeuka na kuondoka. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, jua la mchana likiingia. Lakini foleni ilisogea, naye akasogea nayo, hadi akajikuta mbele ya Munyiva.

"Ile ya kawaida, Ustadhi?"

Alimfikiria mama yake na dua za watu kifuani.

"Ile ya kawaida," akasema.

Akaendelea hivyo, bila tumaini na bila uwezo wa kuacha, hadi Shaabani ikaisha na bango likashushwa. Siku hiyo hakupiga simu Lamu. Wala siku iliyofuata. Alikuwa akitafuta maneno mazuri ya kusema jambo baya, na maneno hayo hayapatikani.

Simu ilipolia, ilikuwa ya mama yake. "Muzammil, nimeshuka basi. Nipo hapa Nairobi, tayari kwa safari. Njoo unichukue, mzigo ni mmoja tu."

Bi Mwanasiti aliketi katika chumba chao cha Ngara akiwa na kanzu mbili nyeupe alizoshonewa na Bi Esha. Nadira alimfuturisha kwa chai ya tangawizi, kisha akamtazama mumewe kwa jicho lisilompa nafasi ya kukimbia. Muzammil akaleta ile ndege, akaipanga juu ya sinia mbele ya mama yake, akamweleza yote tangu pakiti ya kwanza.

"Kwa hiyo ulikuwa unacheza," akasema mama.

"Nilikuwa nanunua chakula, mama."

"Ulikuwa na njaa?"

Jibu alilompa Idarus lilikuwa tayari ulimini. Alifungua kinywa, akaukuta uso wa mama yake ukimngoja.

"Hapana, mama. Sikuwa na njaa."

Simu ya Bi Mwanasiti ikalia juu ya mkeka. Alikuwa Bi Esha. Mama aliitazama ikilia, kisha akamsogezea mwanawe. "Mwambie wewe. Uliyeniaminisha ni wewe."

Muzammil alimwambia. Kwamba hakuna ndege, kwamba hapakuwa na ndege tangu mwanzo, kwamba mama hana kosa. Bi Esha akauliza kwa sauti ndogo, "Na dua ya mwanangu?"

Bi Mwanasiti akaipokea simu. "Nitaiomba hapa hapa leo, na nitaiomba tena kule nikifika. Mimi dua yako sijakurudishia, Esha." Akaikata, akamwuliza Nadira upande wa kibla, akasali muda mrefu, akitaja jina la mtu mmoja baada ya mwingine.

Alipomaliza, Muzammil akasema kwa upole, "Kesho nitakutafutia basi la kurudi, mama."

"Kurudi wapi?" Bi Mwanasiti alikuwa akikunja mswala wake. "Nimewaaga watu kwa safari ya Makka. Siwezi kurudi nikitokea Ngara. Nitakaa hapa mpaka unipeleke."

"Lakini mama, sijui itakuwa lini."

"Mimi pia sijui."

Aliuweka mswala kwenye pembe ya chumba, akatoa kanzu zake mzigoni, akatafuta msumari wa kuzitundikia. Muzammil alibaki ameketi palepale. Nadira alikitazama chumba chote, ukuta hadi ukuta, akaanza kuisogeza meza.