Siku Magesa Aliponiita Kaka

Kosa ni langu. Sitaisingizia kompyuta.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliacha darasa la tano, nikavua samaki Kibara, nikachimba dhahabu Buhemba, nikaishia kubeba mizigo Musoma mjini. Rafiki nilikuwa naye mmoja tu: Magesa, wa Mugeta. Tulitahiriwa siku moja, na kwetu mliotahiriwa pamoja mnatukanana mpaka kaburini, hakuna kununa. Tukikutana ananiuliza, "We fisi, hujafa tu?" Nami najibu, "Nakusubiri utangulie!" Tunacheka mpaka watu wanageuka.

Alipata kazi kiwandani Dar es Salaam. Intaneti ilipofika Musoma, mimi na udadisi wangu nikaingia duka la kompyuta kujifunza. Tukawa tunaandikiana matusi matupu. Raha iliyoje!

Siku moja akaandika: "Kaka, nafikiria kurudi nyumbani moja kwa moja. Unaonaje?"

Nikacheka. Nikagonga kwa vidole viwili: "Nani kakuita? Hapa hakuna anayekukumbuka. Kaa hukohuko, ufie hukohuko."

Dada mwenye duka alichungulia. "Mbona unamtukana mtu hivyo?"

"Huyu tulitahiriwa pamoja! Ndivyo tunavyosalimianaga."

"Haya. Ila yeye hakusikii unavyocheka."

Nikautuma.

Hakujibu. Kila Jumamosi nilikwenda kutazama, hamna kitu. Miezi ikapita, nikakutana na dada yake Magesa sokoni Bunda. Salamu yangu hakuitikia.

"Kiwanda kiliuzwa, akapunguzwa kazi," alisema. "Aliona aibu kurudi mikono mitupu. Akasema atakuuliza wewe kwanza. Ukamwambia akafie huko! Amehama alipokuwa anakaa, na hatujui alikoelekea. Mama halali."

Mungu wangu! Nilikimbilia Musoma kuusoma tena ule ujumbe. Kaka! Hakuna fisi, hakuna tusi hata moja. Tangu tutahiriwe hajawahi kuniita kaka. Mtu alikuwa analia, mimi nikasikia kicheko changu mwenyewe!

Sasa sina wa kunitukana. Mjini hapa wananiamkia kwa adabu, "Shikamoo mzee," wanapita. Narudi chumbani bila kusikia jina langu.

Wewe unayesoma, mtani wako akikuandikia kwa upole, usikimbilie kumjibu kwa maandishi. Tafuta simu. Msikie sauti.

Na wewe Magesa, kama gazeti hili limekufikia huko uliko: rudi, mama yako anakungoja. Rudi, fisi wewe. Hujafa tu?