Siku Niliyomrudisha Mkuu Nyuma

Siku ya kwanza kuingia chumba cha kompyuta nilikwenda na panga. Nilikuwa mkata miwa kwenye kiwanda cha sukari kule kusini ya Msambweni, uhuru wetu ungali mchanga, nikaambiwa, "Bakari, nenda kasaidie kwenye mashine mpya." Nikajua ni mashine ya kukata. Kumbe ni dubwana kubwa kama nyumba ya vyumba vitatu, limewekewa baridi ya kumtia mamba homa. Meneja akanitazama juu mpaka chini. "Panga liache nje," akasema. "Humu hatuchinji." Nikapewa ufagio.

Mwaka haukwisha nikapandishwa cheo, mpangaji wa kadi. Nyinyi vijana mwagusa vioo tu. Sisi, programu ilikuwa marundo ya kadi ngumu zenye matundu, wailisha mashine moja moja. Ukiangusha rundo, ni matanga ya siku tatu. Mimi skuli sikwenda, nilisoma Kurani chuoni kwa maalimu, na zile herufi za kizungu naziona kama kunguru juu ya waya. Marundo nikiyajua kwa rangi.

Basi ikaja kazi ya kupanga shamba lipi likatwe kwanza. Orodha ya mashamba aliiandika mtaalamu kijana kutoka Nairobi, kwa Koboli, lugha ya mashine inayopenda orodha. Rundo lake la njano. Hesabu ya kujua muwa upi umeiva aliiandika Mkuu wa Mashamba, mzee wa Kinango, kwa Fotrani, lugha ya mahesabu. Rundo lake buluu. Kila moja peke yake mashine iliikubali. Lakini kile kiungo, programu ya kuzifunga lugha mbili ziwe kitu kimoja, kikagoma. Karatasi ya makosa ikatoka ndefu, ungeitandika mpaka Kona ya Musa, na yote yasema neno moja: njano yaiita hesabu ya buluu, na hesabu haionekani.

Wiki tatu. Mtaalamu akakonda mpaka kivuli chake kikatoboka. Meneja akamwambia mbele yetu, "Miwa yakauka shambani. Ijumaa isipokubali, Jumamosi urudi kwenu."

Alhamisi nikampelekea kahawa, na yangu mkononi.

"Bakari, hii kitu imenimaliza. Nimeangalia kila kadi."

"Kwani hicho kiungo chasomaje, ndugu yangu?"

"Kinasoma mara moja, mbele mpaka nyuma. Hiyo hesabu ya Mkuu ni ya akiba. Kikiipata kabla mtu hajaiita, kinairuka. Na hakirudi."

"Asiyeitwa hurukwa?"

"Anarukwa."

Kahawa ikanigeuka shubiri mdomoni. Mpangaji wa marundo ni nani? Mimi. Na rundo la mtu mzima mwenye ndevu nyeupe ningeliwekaje nyuma ya kijana wa juzi? Tangu siku ya kwanza nalitanguliza, kama mzee atanguliavyo kunawa. Mashine ikampita Mkuu wangu mlangoni, hakuna aliyemwita.

Nikinyamaza, mwana wa watu afukuzwa. Nikisema, mimi narudi kwenye miwa. Nikamwambia rundo la Mkuu nililitanguliza mimi.

"Wiki tatu, Bakari?"

"Wiki tatu."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Lakini kumweka mzee nyuma kwataka ruhusa, nikamwendea Mkuu ofisini.

"Shikamoo, Mkuu. Naomba nikuweke nyuma ya kijana."

"Marahaba." Akazivuta ndevu, mimi jasho mpaka kwenye viatu. "Bakari, mimi nimechunga ng'ombe tangu sina meno. Umeona wapi mchungaji akitangulia?"

Njano mbele, buluu nyuma. Mashine ikanguruma wakasikia Tanga, ikatoa karatasi moja tu: mashamba yote, la kwanza mpaka la mwisho. Mtaalamu akakaa sakafuni akicheka, machozi yamtoka.

Meneja akauliza, "Nani alikosea?"

"Kadi zilikuwa zimekaa vibaya, Bwana Meneja," mtaalamu akajibu, wala hakunitazama.

Nilipostaafu nilikuwa nishafunga lugha nyingi, na kila kiungo kikigoma nilitazama kwanza mikono yangu mwenyewe. Mtaalamu yule hakupanda gari Jumamosi ile. Alikaa, akaoa kijijini Gazi, na leo wajukuu zake huja kwangu kuangua maembe bila kuomba. Huniita babu. Mke wangu huwafokea. Mimi huwaacha, kwa sababu ningefunga mdomo Alhamisi ile, uwanja wangu ungekuwa kimya.