Mwisho wa Ule Mkanda

Juzi nilirudi Ujiji kwenye msiba wa shangazi, na mpwa wangu, kijana asiyejua kukaa bila simu, akaniwekea filamu ya zamani ili nipunguze mawazo. Sikumaliza dakika mbili nikawa nimeitambua: wale farasi, ule mto, yule mwanajeshi anayemuaga mama yake mlangoni. Nikamwambia asiizime hata nikilia. Wewe hukukulia kwetu, ndugu yangu, kwa hiyo kaa nikusimulie.

Banda la video la mtaani kwetu lilikuwa la mabati na magunia, na joto lake lingeweza kuivisha mkate. Mwenyewe alikuwa jirani yetu, mzee ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo, na ndiye aliyekuwa akitafsiri. Alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti chake, akageuza kila neno kuwa Kiswahili cha Ujiji, akitia chumvi kila hadithi ilipopoa. Kwake yeye hata mfalme wa Ulaya alilalamikia bei ya mawese. Tulicheka mpaka machozi.

Ule mkanda wa mwanajeshi ulitokana na riwaya nene ya vita vya zamani. Kipande chake cha mwisho kilitafunwa na mashine kabla wengi wetu hatujakiona. Tukifika hapo kioo kilikuwa cheusi, na jirani akaendelea kusimulia hivyo hivyo: vita vimeisha, mwanajeshi anashuka kilima, mama yake amekaa mlangoni, hamtambui mpaka anapocheka.

Bibi aliyenilea hakutaka sinema nyingine. Mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, alipakia chumvi kwenye boti kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na hatukuona tena boti wala yeye. Basi kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri Bibi alinawa harufu ya dagaa aliokuwa akianika mchangani, akaenda kumwomba jirani aweke ule mkanda. Akirudi alipika migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese, na mmoja alimwekea mjomba kwenye sahani, akafunika kwa kawa. Alifanya hivyo miaka sita. Majirani walisema amechanganyikiwa, lakini alikuwa akiamka, akifanya kazi, akicheka.

Nilipofika kidato cha tatu, mwalimu wa Kiingereza akaniazima ile riwaya. Jaladani kulikuwa na picha ya mwanajeshi yule yule. Nilihangaika nayo muhula mzima na kamusi mkononi. Kwenye kurasa za mwisho mwanajeshi anakufa kwa homa akiwa amebakiza siku tatu kufika kwao, na mama yake anazeeka bila kuambiwa. Nilipandwa na hasira, na tuseme ukweli, na majivuno pia. Jumamosi ile, jirani alipoanza kusimulia kioo kikiwa cheusi, nikasimama mbele ya watu wote, Bibi akiwemo, nikasema anadanganya, kitabu ninacho.

Jirani akazima kipaza sauti.

"Mwanangu, mimi nilisema nilichokiona," akanijibu taratibu.

Sikumwamini. Kitabu kilikuwa cha shule, kina muhuri. Yeye alikuwa mzee wa banda tu. Njiani Bibi alinunua mawese. Nyumbani akapika kama kawaida, akafunika ile sahani, akaiangalia kitambo. Kisha akaifunua, akanisogezea.

"Kula wewe," akasema.

Nikala mpaka nikanyonya mifupa. Hakufunika tena sahani, wala hakurudi bandani. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, tukamzika.

Sasa juzi, kwenye simu ya mpwa, nikafika pale kioo kilipokuwa kikigeuka cheusi. Vita vimeisha. Mwanajeshi anashuka kilima. Mama yake amekaa mlangoni, hamtambui mpaka anapocheka. Waliotengeneza filamu waliubadilisha mwisho wa kitabu, na jirani yetu alikuwa ameuona.

Nilitoka hadi pale bandani, ingawa nilijua kwamba naye alishakufa. Wanauza vifuniko vya simu. Msichana wa dukani akaniuliza nataka rangi gani, nikamwambia nyeusi.

Mjomba hajarudi, na hatarudi. Najua Bibi angengoja bure. Lakini kungoja ndiko alikokuwa amebaki nako, na samaki yule nilimla mimi.