Tembo wa Ukutani

Hoteli niliyofanyia kazi Mloka ina sinema yake ya ndani, ya wageni tu, yenye viti kumi na viwili vya ngozi ambavyo ukikaa vinakumeza mpaka kiunoni. Kwanza wanawasha kiyoyozi mpaka meno yagongane, halafu wanakugawia blanketi. Nilimwuliza meneja, "Bosi, si tungepunguza tu hii baridi?" Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini bahari ina chumvi. "Blanketi ni sehemu ya huduma." Haya. Nikawa mkunja mablanketi na mpika bisi.

Sitadanganya, niliipenda kazi ile. Mimi sinema nimeijulia kwenye banda la video la Kibiti, benchi la mbao, joto la kuchemshia chai, na mtafsiri anayepaza sauti juu ya waigizaji na kuwatukana kwa niaba yetu. Ndoto yangu ni kufungua sinema yangu mwenyewe, kina mama waingie na kanga zao na kelele zao. Kwa hiyo nilipokuwa nafuta vile viti, moyoni vilikuwa vyangu.

Lakini wageni wale! Mtu kapanda ndege kubwa, kapanda na ndogo, kaja kuona tembo. Jua likimchoma kidogo anakimbilia sinema kutazama filamu ya tembo. Tembo wenyewe wako nje, wananyea barabara ya hoteli. Yeye yuko ndani, kajifunika blanketi, anamlilia tembo wa ukutani.

Mama yangu akimlilia tembo, ujue ni hasira. Ana shamba la mahindi nyuma ya kijiji, na katikati yake dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, anakokaa kulinda mpaka siku ya kuvuna. Silaha yake ni debe tupu na fimbo. Na utaratibu wetu ni huu: jirani akipiga debe, unamjibu, hata kama kwako hakuna kitu, ili tembo wajue bonde zima lina watu. Dungu lililonyamaza ndilo wanalolifuata. Mwaka jana walilifuata la kwetu, Mama akiwa na homa, na msimu mzima tukaishi kwa unga wa kuomba.

Sasa mwaka huu mahindi yamekauka vizuri, bado kuvunwa tu, hoteli ikatangaza siku ya majirani: wanakijiji waje alasiri, watazame filamu ya kuishi na tembo kwa upendo.

"Upendo?" Mama akasema. "Ananipenda mimi au mahindi yangu?"

"Njoo tu Mama, uone ninapofanyia kazi."

"Na dungu nimwachie nani?"

"Jua likizama tutakuwa tumesharudi."

Akaja, na kanga mpya, kwa ajili yangu. Mjomba alibaki kwenye dungu lake, jirani na letu. Alisema baridi ya mashine itammaliza magoti.

Viti havikutosha, watu wakakaa kwenye zulia na wakalisifia kuliko viti. Meneja akatoa hotuba. Hotuba ile, jamani! Alitueleza zulia lilikotoka, akatueleza spika, akagonga ukuta kwa kidole: "Hata radi ipige huko nje, humu hamtaisikia!" Tukapiga makofi ili amalize, yeye akadhani tunataka zaidi.

Filamu ilipoanza ikawa Kiingereza kitupu. Mama mmoja akapaza sauti, "Mtafsiri yuko wapi?" Wote wakanigeukia. Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu, lakini nilisimama.

"Huyu tembo mkubwa ndiye mama yao," nikatangaza. "Anawaambia, wanangu, hayo majani onjeni tu, msishibe. Kesho nawapeleka Mloka, kuna mahindi ya mjane mmoja mkali, lakini jina lake ni kubwa kuliko mbio zake."

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Meneja akawanong'oneza wageni waliokaa nyuma kwamba tumeguswa, nao wakatupiga picha.

Mama peke yake hakucheka. "Mbona humu hakusikiki kitu?"

"Ndiyo uzuri wake, Mama."

"Uzuri gani wa kuzibwa masikio?" Akainuka, akaenda kufungua mlango.

Jua lilikuwa limeshainama, hotuba imekula alasiri yote. Na kutoka mashambani lilisikika debe la Mjomba. Moja, peke yake, likipigwa bila kujibiwa. Hakuna aliyesubiri tafsiri. Bisi zikamwagika, tukatoka mbio.

Wageni nao, waliposikia kuna tembo wa kweli, wakaruka kwenye gari la wazi na kutupita njiani. Tulipofika, tembo watatu na ndama wao walikuwa upande wa mtoni wa shamba letu, wanavuta mahindi taratibu kama watu wanaochagua vitambaa dukani. Mama akapanda dungu, akaanza kupiga.

Dereva wa gari, kijana wa kijijini kwetu, akaja chini ya nguzo. "Shikamoo Mama. Samahani, wageni wanaomba utulie kidogo, wanapiga picha. Kelele zinawashtua tembo."

"Marahaba, baba. Waambie ndiyo kazi yake." Hakuacha kupiga. "Hilo gari lina honi?"

"Linayo."

"We mtoto wa hapa au wa kule?"

Kijana akawatazama wageni, akatazama mahindi. Akarudi garini, akalala juu ya honi.

Tembo wakageuka. Ndama alikuwa anajikwaa nyuma ya mama yake, nikamwonea huruma, ila sikuisema. Mgeni mmoja alipiga makofi.

Upande wa mtoni wote ulilala chini. Uliobaki ulitosha unga wetu, na Mama hakulala nje ya dungu mpaka tulipovuna. Hoteli walipomletea mwaliko mwingine, aliupokea kwa adabu. Akasema safari hii waje wao, nafasi ya kukaa dunguni ipo, ila kila mtu aje na debe lake.