Manyoya ya Mbwa wa Siberia

Mwaka niliorudi kutoka chuo kikuu na kuanza kufundisha elimu ya viumbe, enzi za Mwingereza, mwalimu mwenzangu wa Kizungu alikwenda kwao likizo ndefu akaniachia mbwa wake. Alikuwa jike wa Siberia, mwenye macho ya buluu na manyoya mazito ya tabaka mbili. Wazazi wa wazazi wake walivuta mizigo juu ya theluji na kulala hemani pamoja na watoto, ndiyo maana hawakujua kumshuku mtu. Maagizo yalikuwa machache: maji tele, kivuli, atembezwe alfajiri, achanwe manyoya kila siku.

Temeke hawakumwelewa. Hakubweka, alilia kwa sauti ndefu, majirani wakaona ni uchuro. Alichimba mashimo uani ili alalie udongo wa baridi, wakasema anatuchimbia kaburi. Kila mgeni alimpokea kwa kutikisa mkia, hata mwizi wa kuku. Nikimfunga kamba, alitanguliza kifua na kunivuta mpaka Keko, kana kwamba nyuma yangu kuna mzigo wa kijiji kizima.

Ilipofika Januari alianza kuhema mchana kutwa. Kwetu bara, mtoto akishikwa na homa kali hunyolewa nywele ili kichwa kipoe. Mila hiyo niliivika elimu yangu, nikaazima mkasi wa fundi cherehani. Jirani yangu, bibi mmoja ambaye hakuthubutu kumgusa mbwa kwa kuhofia najisi, alisimama upande wa pili wa ua akitazama. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mbona unamvua nguo juani, mwalimu?"

Nikamweleza kwamba manyoya yanazuia joto lisitoke mwilini.

"Mume wangu anavaa kanzu mpaka miguuni, jua la utosi. Unadhani anaona baridi?"

Nilicheka. Mimi nilikuwa na shahada; yeye hakuwahi kukaa darasani.

Siku mbili mbwa alionekana mwepesi. Siku ya tatu mgongo mzima ulikuwa umebabuka. Kile kilichomkinga na baridi ndicho kilichokuwa kikimkinga na jua, na mimi nilikuwa nimekizoa kwa ufagio. Nilimpaka mafuta ya nazi, nikamlaza shimoni, nikamfunika gunia bichi. Yule bibi alinipitishia ndoo za maji juu ya ua, moja baada ya nyingine, wala hakunikumbusha neno lake. Nilimmwagia maji huku nikijua hayatasaidia. Adhuhuri mbwa alikata roho, kichwa chake kikiwa juu ya kiatu changu.

Nikamwandikia mwenzangu kwamba joto la Dar es Salaam limemuua. Alijibu kwa kurasa mbili, akinishukuru kwa matunzo yangu na kujilaumu yeye kwa kumleta huku. Mara kadhaa nilianza barua ya pili, nikaichana. Sasa amekwisha kufariki, na lawama ile aliondoka nayo.